Jirani na kazi, njia kuu au pembezoni: upange wapi ukihamia mji mpya kikazi?

Dalali akikwambia "ni dakika kumi tu, bosi", si lazima awe anadanganya. Huenda dakika kumi ni kweli, ila alizipima Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Wewe utapita hapo Jumanne saa moja na nusu asubuhi, mji mzima ukiwa umetoka pamoja nawe. Wengi wanaohamishwa kikazi huteleza hapohapo: wanaipenda nyumba, wanasaini, kisha ndipo wanaanza kuijua njia. Kwa hiyo hapa hatulinganishi nyumba. Tunalinganisha aina tatu za maeneo ambazo karibu kila mji mkubwa unazo, na tunaweka kodi, njia na huduma kwenye mzani mmoja.

Aina ya kwanza ni mtaa ulio jirani na kazi: unatembea, au unapanda chombo kimoja tu, na safari haifiki dakika 25. Nyumba nyingi ni fleti, vyumba ni vidogo, kodi iko juu. Aina ya pili tuiite njia kuu: uko nusu ya safari kutoka kazini, dakika 35 hadi 50, lakini kituo cha treni au cha basi kiko ndani ya mita 800 na chombo kinapita kila dakika 10 au chini ya hapo. Mita 800 ni dakika kumi za kutembea kwa mwendo wa kawaida, yaani mita 80 kwa dakika. Mtaa usiotimiza masharti hayo mawili, umbali wa kituo na wingi wa vyombo, hauhesabiki kuwa wa njia kuu hata kama ramani inauonyesha katikati kabisa. Aina ya tatu ni pembezoni: zaidi ya saa moja kwenda, nyumba nzima yenye uwanja, kodi ya kuvutia.

Hesabu kabla ya kuangalia picha za nyumba

Chukua mshahara unaoingia mkononi, uugawe vipande 100. Mfano ufuatao ni wa mtu anayekwenda kazini siku 22 kwa mwezi. Weka tarakimu za mji unaohamia mahali pa hizi, mpangilio uache ulivyo.

| | Jirani na kazi | Njia kuu | Pembezoni |
|---|---|---|---|
| Kodi | 40 | 28 | 19 |
| Usafiri | 2 | 9 | 18 |
| Maji, umeme, ulinzi, intaneti | 6 | 7 | 9 |
| Jumla kwa mwezi | 48 | 44 | 46 |
| Dakika kwa safari moja | 20 | 45 | 85 |
| Saa barabarani kwa mwezi | 15 | 33 | 62 |

Tazama safu ya pembezoni. Kodi ni chini ya nusu ya ile ya jirani na kazi, na ndiyo tarakimu pekee inayoandikwa kwenye tangazo. Ukishajumlisha vyote, unachookoa ni vipande 2 tu, na unavilipia kwa saa 47 za ziada barabarani kila mwezi. Hizo ni karibu siku sita za kazi za saa nane, na hakuna anayekulipa hata moja.

Kanuni maarufu ya kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato haikusaidii hapa. Ilikua kutokana na utaratibu wa nyumba za umma nchini Marekani, ambako kikomo kiliwekwa asilimia 25 mwaka 1969 kisha kikapandishwa hadi 30 mwaka 1981. Ni kanuni ya nyumba, na nauli haimo ndani yake. Kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha Center for Neighborhood Technology, taasisi ya Chicago: makazi na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45 ya kipato. Katika mfano wetu njia kuu inapita kwa kubana, nyingine mbili zinashindwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo huangusha watu kabla hata hawajahamia: fedha za kuanzia. Tuseme mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele na amana ya miezi miwili. Jirani na kazi hiyo ni vipande 200, mishahara miwili kamili. Njia kuu ni 140, pembezoni ni 95. Bado hujalipa dalali wala gari la mizigo, na mshahara wa kwanza haujaingia. Kama mwajiri anagharimia uhamisho, uliza mapema kama analipa moja kwa moja au anakurudishia baada ya kuleta risiti, maana ukirudishiwa itabidi fedha hizo uwe nazo kwanza.

Njia: pima siku mbaya, si wastani

Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitalia Cesare Marchetti, akiendeleza kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, alitoa hoja kwamba watu wa miji na zama tofauti huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku kusafiri. Vyombo vikiongezeka kasi, watu huhamia mbali zaidi badala ya kufika mapema. Ni wastani, si amri, lakini ni rula nzuri: nusu saa kwenda na nusu saa kurudi watu wengi huimudu bila kuhisi mzigo. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walilitazama jambo hilo kwa takwimu za Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Nadharia ilisema anayesafiri mbali hufidiwa kwa kodi nafuu au mshahara bora, hivyo asiwe na malalamiko kuliko wengine. Walichokuta ni kwamba kadiri safari inavyorefuka, ndivyo watu wanavyoripoti kuridhika kidogo zaidi na maisha. Fidia haikutosha.

Kwenye programu ya ramani usiangalie muda wa sasa. Weka muda wa kufika: Jumanne, Jumatano au Alhamisi, dakika kumi kabla ya saa ya kuripoti. Itakupa masafa ya muda, mfano dakika 35 hadi 70. Kamata ile 70, kwa sababu ndiyo itakayoamua unaamka saa ngapi. Safari ya dakika 50 isiyobadilika ni bora kuliko ya 40 ambayo mara moja kwa wiki inageuka 80.

Hesabu pia unabadilisha chombo mara ngapi. Kila badiliko lina nafasi yake ya kuharibika. Ikiwa kila kipande cha safari hufika kwa wakati mara tisa kati ya kumi, safari ya chombo kimoja itakuangusha mara moja katika kumi. Ya vyombo vitatu itakuangusha zaidi ya mara moja katika nne. Hapo ndipo pembezoni huumiza, maana mara nyingi kuna chombo cha kukutoa ndani hadi barabara kubwa, cha pili hadi mjini, na cha tatu hadi ofisini. Kile cha kwanza ndicho kisichotabirika: kinasubiri kijae, au mvua ikinyesha hakionekani.

Kwa mwenye gari mambo ni tofauti kidogo. Hesabu njia za kutokea mtaani. Eneo lenye barabara moja tu ya kuingia, au linalopitia daraja moja au makutano ya reli, litakufungia ndani siku lori likiharibika hapo. Maegesho ya kazini yaulizwe kwa maandishi: gari la kwenda nalo kazini bila pa kuliegesha ni gharama ya pili juu ya mafuta. Halafu angalia jua, jambo dogo ambalo watu hucheka hadi waanze kuendesha. Ukikaa mashariki ya kazi, jua liko mgongoni asubuhi na jioni. Ukikaa magharibi, linakupiga machoni safari zote mbili.

Na kama ofisi yenyewe iko nje ya mji, kiwandani au uwanja wa ndege, jedwali lote linageuka. Mtaa wa karibu na katikati ya mji unaweza kuwa bora, kwa kuwa asubuhi unatoka wakati foleni inaingia.

Maji, umeme na intaneti

Hapa ndipo maeneo matatu yanapoachana zaidi, na ndipo mpangaji mgeni anapouliza kidogo zaidi.

Kwenye fleti za jirani na kazi, maji hutegemea tangi la pamoja na pampu. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na ghorofa za juu ndizo zinazokauka kwanza. Uliza kama jenereta ya jengo inaendesha pampu au inawasha taa za ngazi na lifti tu. Mara nyingi jibu ni la pili. Presha nayo ina hesabu yake: kila mita kumi za kimo hutoa takriban baa moja, kipimo cha presha. Fleti ya juu kabisa ambayo tangi lake liko mita tatu tu juu ya bomba ina baa 0.3, hivyo bafu litachuruzika, na hita ya papo kwa papo inaweza isiwake kabisa kwa sababu huhitaji mkondo wa kiwango fulani ndipo ijiwashe.

Kupima ni rahisi. Chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba la jikoni mwisho, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, presha inatosha. Ikichukua dakika mbili, kuoga kutakuwa kwa subira. Ikipita tatu, kuna tatizo la bomba, la tangi au la mgao, na mwenye nyumba anatakiwa akueleze ni lipi kabla hujasaini. Kisha fungua bomba la pili hilo la kwanza likiwa wazi. Nyumba nyingi hufaulu la kwanza na kuanguka hapo.

Pembezoni shida si presha bali chanzo. Maji yanatoka mtandao wa mji, kisimani au kwa gari? Yanatoka siku ngapi kwa wiki? Familia ya watu wanne inayotumia lita 50 kila mmoja inamaliza lita 200 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litaishikilia siku tano, la 500 siku mbili na nusu. Ikiwa mgao ni mara moja kwa wiki, tangi la 1,000 halitoshi. Kama kuna kisima uwanjani, tazama shimo la maji taka liko wapi. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, hutaka angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji ya ardhini. Viwanja vingi vidogo havina nafasi hiyo, kwa hiyo maji hayo yawe ya kufulia, si ya kunywa. Na nani analipia kunyonya shimo likijaa? Lisipoandikwa kwenye mkataba, utalipa wewe, tena msimu wa mvua linapojaa haraka kwa sababu ardhi imeshiba.

Njia kuu huwa afadhali kwa huduma hizi: ni mitaa iliyokwisha kujengeka, mabomba na nyaya zilifika zamani. Upande wake mbaya ni uzee. Mabomba yameota kutu, waya za ndani hazikukusudiwa kubeba jiko la umeme, hita na pasi kwa pamoja. Washa vitu viwili vikubwa wakati wa kukagua. Swichi kuu ikianguka, umeokoa ugomvi.

Kwa anayefanya mikutano ya video kutoka nyumbani, kasi ya kupakia ndiyo muhimu kuliko ya kupakua, na ndiyo ambayo matangazo hayaitaji. Megabiti 4 kwa sekunde zinatosha mkutano mmoja wenye picha safi. Watu wawili kwa wakati mmoja, zidisha mara mbili na uache nafasi. Pima ukiwa ndani ya chumba utakachofanyia kazi, mlango umefungwa, kati ya saa mbili na saa nne usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Zege lenye nondo hula mawimbi ya simu: barazani unaweza kuwa na minara yote, chumbani ukabaki na mmoja.

Mafuriko, kelele na hewa

Mafuriko yanaacha saini. Tafuta rangi mpya iliyopakwa nusu mita ya chini tu ya ukuta, huku ya juu ikiwa kuukuu. Piga goti uangalie miguu ya makabati ya jikoni: mbao zilizovimba na kuachana chini hazikuvimba kwa maji ya kudeki. Soketi zilizopandishwa juu isivyo kawaida ni dalili nyingine. Kisha muulize mlinzi wa nyumba ya jirani, si wa hiyo unayoipanga, maji yalifika wapi mara ya mwisho. Usimuulize kama yalifika.

Kelele: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya wa mwaka 2009, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Programu ya simu haitakupa kipimo cha maabara, lakini ikisoma 60 saa nne usiku dirishani, hutalala dirisha likiwa wazi. Hili ni tatizo la jirani na kazi kuliko kwingine. Hewa chafu ya magari huwa nzito zaidi ndani ya mita mia mbili hivi za barabara kubwa, kwa hiyo kwenye njia kuu usikimbilie nyumba inayotazamana na kituo. Ingia ndani mitaa miwili au mitatu: unapoteza dakika nne za kutembea, unapata usingizi.

Nani achague nini

Ofisi ikikutaka siku mbili kwa wiki, tuseme siku 9 kwa mwezi, rudi kwenye jedwali. Usafiri wa pembezoni unashuka kutoka 18 hadi 7 hivi, jumla inakuwa 35. Njia kuu inakuwa 39 na jirani na kazi 47. Saa za barabarani pembezoni zinashuka hadi 25. Hapo nyumba kubwa yenye chumba cha kazi ina mantiki, mradi intaneti imepimwa. Tahadhari mbili tu. Tiketi ya mwezi haishuki bei kwa sababu unaitumia siku 9, na ukishinda nyumbani umeme wako unapanda. Na kama mpangilio huo wa siku mbili haumo kwenye barua ya ajira bali ni maelewano na bosi wa sasa, uhesabu kana kwamba ni siku tano.

Wawili wenye kazi sehemu tofauti wasitafute katikati ya ramani. Wamtazame asiye na ruhusa ya kuchelewa: nesi wa zamu, mwalimu, mtu wa kaunta. Yeye ndiye akae jirani au kwenye chombo kimoja. Mwenzake abebe mabadiliko. Wenye watoto wapime pembetatu ya nyumba, shule na kazi, kwa mpangilio huo na kwa saa ya shule. Shule iliyo upande wa pili wa nyumba huongeza safari mbili kila siku na kufuta faida yote ya mtaa wa jirani na kazi.

Mwenye zamu za usiku achague jirani na kazi hata kwa chumba kimoja. Ratiba za mchana hazimhusu. Saa nane usiku njia kuu haina chombo kila dakika 10, na kulipia teksi mara kumi kwa mwezi hula tofauti ya kodi.

Kwa waliobaki, hasa aliye ndani ya miezi ya majaribio kazini, njia kuu ndilo chaguo letu. Sababu ya kwanza si kodi. Kazi hiyo ikivunjika, au ofisi ikihama, mtaa wenye chombo kinachofika sehemu nyingi bado unakufaa. Fleti iliyo mita 300 kutoka ofisi ya zamani haikufai tena kwa chochote.

Mkataba wa kwanza uwe mfupi

Kama inawezekana, anza na chumba chenye samani kwa wiki nne hadi sita, kwenye njia kuu, hata kama kwa mwezi ni ghali zaidi. Katika muda huo tembelea kila mtaa unaoufikiria mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi ukiondoka nao kwenda ofisini kweli, usiku baada ya saa tatu, na mara moja mvua ikinyesha au imetoka kunyesha. Ziara ya Jumamosi mchana haihesabiki.

Ukipata nyumba, usitume fedha kabla funguo hazijafungua mlango mbele yako na hujaona hati inayomuunganisha anayepokea fedha na nyumba hiyo. Kodi iliyo chini mno kuliko za jirani, picha nzuri mno na mwenye nyumba ambaye "yuko safarini" vikikutana, ondoka. Omba kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili endapo mwajiri atakuhamisha. Wenye nyumba wengi hukubali ukileta barua ya ajira. Kiandikwe pia amana inarudi ndani ya siku ngapi na inakatwa kwa lipi.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha mita ya maji na ya umeme tarakimu zikisomeka, pamoja na kila ufa, doa na kioo kilichopasuka, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili zibaki na tarehe. Uliza kama mita ina deni la mpangaji aliyepita. Likiwapo, lisiingie kwenye hesabu yako kimyakimya: likatwe kwenye kodi ya mwezi wa kwanza, kwa maandishi, kabla mizigo haijashushwa.